Mkanda Uliorudishwa

Katika kigango kimoja cha milimani gramafoni ilikuwa moja tu, na mwenye nayo alikuwa Fridolini, mwalimu wa kwaya. Ilikaa sebuleni kwake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma marehemu mke wake. Alikuwa na santuri nyingi, lakini aliyoithamini ni moja. Ndani ya santuri hiyo kwaya ya kigango iliimba wimbo wa shukrani walioutunga wenyewe, wakasafiri hadi mjini kuurekodi, wakati Fridolini bado kijana mwenye nywele nyeusi.

Wengi walioimba siku ile hawakuwepo tena. Wengine walikufa, wengine waliolewa mbali, wengine walihamia mabondeni kutafuta mashamba. Walibaki wawili: Fridolini, aliyeiongoza kwaya kwa mkono wake, na mama mmoja mjane aitwaye Skolastika. Katikati ya wimbo ule kuna mahali ambapo kwaya yote hunyamaza. Sauti moja inabaki peke yake, inashika neno moja refu, na wengine wanangoja. Kisha wote wanaingia chini yake na kuibeba. Sauti ile iliyobaki peke yake ilikuwa ya Skolastika.

Mama huyu hakuwa na cheo chochote kigangoni. Alilima maharage, alishona nguo za watoto, na Jumapili alikaa popote alipopata nafasi. Lakini watu walipotaka kumtaja hawakusema yule mjane. Walisema yule mwenye sauti.

Ikawa kanisa jipya la matofali linakaribia kumalizika, na baba askofu angekuja kulibariki. Wazee wakakubaliana kwamba siku hiyo uimbwe wimbo ule. Fridolini akakusanya kwaya mpya, wengi wao vijana ambao hawakuwahi kuusikia. Hakuwaandikia noti wala hakuwaimbia kwa kinywa chake. Aliwaketisha sebuleni, akaweka santuri, akasema, "Hapa hakuna mwalimu zaidi ya hii. Mimi naweza kusahau. Yenyewe haisahau."

Sasa sikilizeni habari ya mkanda. Ndani ya gramafoni ile, chini ya sahani inayozungusha santuri, kuna mkanda mwembamba wa mpira. Unatoka kwenye mota na kuizunguka sahani. Mota ikizunguka, mkanda unavuta, sahani inageuka, wimbo unatoka. Siku chache kabla ya mazoezi kuanza mkanda huo ulikuwa umekatika kwa uzee. Fridolini alikuwa hodari wa mikono. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli, akakata utepe mwembamba, akaunganisha ncha zake kwa gundi ya kuzibia pancha, akauvika. Sahani ikazunguka. Akafurahi, akaifunika mashine yake, na hakumwambia mtu, kwa maana aliona ni jambo dogo.

Lakini pale kwenye kiungo palibaki nundu. Kila nundu ilipopita kwenye kigurudumu cha mota, mkanda ulilia kama kifaranga aliyebanwa na mlango, na sahani ilisita kidogo, kisha ikajivuta. Sahani ikisita, sauti zote zilizomo kwenye santuri hushuka. Kwaya ilipokuwa ikiimba pamoja, ilishuka pamoja na kupanda pamoja, na hakuna aliyegundua. Ila pale ambapo Skolastika alibaki peke yake hapakuwa na pa kujificha. Neno lake refu liliinama katikati, likateleza chini, kisha likanyanyuka tena.

Vijana waliuliza juu ya ule mlio. Fridolini akawajibu, "Msisikilize mlio. Huo ni wa mashine. Ninyi sikilizeni sauti." Wakatii. Wakajifunza wimbo kama ulivyotoka, pamoja na kuinama kwake, na mahali pa kuingia wakapashika pale pale sauti ilipokuwa imeteleza.

Mwanzoni jambo lile lilimsumbua Fridolini mwenyewe. Alijiuliza kama ndivyo walivyoimba. Alikuwepo siku ile. Wimbo ulipita katika masikio yake kabla haujapita katika mashine yoyote. Lakini kumbukumbu ya mtu huchoka, na gramafoni ilikuwa mbele yake ikisema neno lile lile kila mazoezi. Zikapita wiki. Mwishowe, alipojaribu kuikumbuka siku ile, alichokumbuka ni gramafoni.

Skolastika aliitwa baadaye, kwa sababu yeye wimbo alikuwa nao tayari. Alikuja akiwa ametoka kuvuna, mikono bado ina vumbi la maharage, akawasalimu vijana wote mmoja mmoja, akasimama mahali pake. Kwaya ikaanza. Ikafika pale pa kunyamaza. Skolastika akalishika neno lake akalinyoosha, bila kuinama hata kidogo, na wenzake walipoingia waliingia chini mno, sauti zikagongana vibaya hata mbwa uani akabweka. Vijana wakacheka. Skolastika naye akacheka.

"Tuanze upya," Fridolini akasema. Wakaanza upya. Zikagongana tena. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Dada Skolastika, unapandisha."

"Sipandishi, Mwalimu. Ndivyo ulivyo."

Fridolini hakubishana naye. Alikwenda kwenye kabati, akaweka santuri, akashusha sindano. Chumba kizima kikasikiliza. Sauti ya Skolastika, ya ujana wake, ikatoka katika mashine, ikafika kwenye neno refu, ikainama.

Skolastika alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ambayo hakuiandika, na chini yake pana jina lake. Akasema, "Hiyo si sauti yangu."

Kresensia, mama wa sauti ya pili, ambaye alikuwa jirani yake na waliazimana chumvi, akasema mbele ya wote, "Mama, aliyeimba humo ni nani basi? Unajikana mwenyewe?"

Na Fridolini akasema, "Santuri haina sababu ya kukusingizia."

Skolastika alipewa nafasi ya kujirekebisha. Alikuja mazoezi mengine, na mengine tena. Kila mara alipofika pale, wote walimtazama kinywani, na kila mara alijaribu kuinama kama walivyotaka, na kila mara sauti yake ilikataa. Aliwaambia, "Nikiinama hapa naudanganya wimbo." Maneno hayo hayakumsaidia. Nje ya sebule yalitoka yakiwa yamebadilika. Ikasemwa kwamba masikio yake yamezeeka. Ikasemwa kwamba ni kiburi, kwamba anataka asikike yeye peke yake mbele ya baba askofu. Mtu mmoja alisema anamhurumia, na huruma ile ilimuumiza kuliko kiburi alichosingiziwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni mwa kanisa la zamani, Fridolini alimwita. Hakumwita kando. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Asiyeweza kuimba pamoja na wenzake, akae na wasikilizaji." Kisha akatangaza kwamba mahali pale pa wimbo pataimbwa na Otilia, binti yake.

Skolastika alivua kitambaa cha kwaya alichokivaa begani kwa miaka yote ile. Akakikunja vizuri. Akatafuta pa kukiweka, na kwa kuwa hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea, akakiweka juu ya ukuta mdogo wa ua, akaenda zake. Tangu siku hiyo alisali kigango cha ng'ambo ya mto. Alipopita njiani watu walimsalimu taratibu, kama anavyosalimiwa mgonjwa.

Kwaya ikaendelea. Lakini kuondoka kwa Skolastika hakukuutengeneza mkanda. Nundu ikazidi kuwa ngumu, utepe ukalegea, na ule mlio ukakua mpaka ukafunika maneno ya wimbo. Vijana wakashindwa kufanya mazoezi. Fridolini akaongeza sauti ya gramafoni, na mlio nao ukaongezeka. Akapaka mafuta kidogo kwenye mkanda. Ukanyamaza kwa muda, kisha ukaanza kuteleza, na wimbo ukawa unavutwa kama mtu anayeimba usingizini. Akaufuta. Ukalia tena. Sherehe ilikuwa imekaribia, na usiku hakulala vizuri.

Otilia alikuwa anakwenda mjini kuchukua vitambaa vya sare. Fridolini akamwagiza apite sokoni kwa fundi redio, anunue mkanda halisi wa gramafoni. Binti akarudi nao Ijumaa mchana. Kubarikiwa kwa kanisa kulikuwa Jumapili.

Kwaya ingekuja jioni ile kwa mazoezi ya mwisho. Otilia akatoka nje kuanua nguo. Fridolini akabaki peke yake sebuleni, akaondoa santuri, akainyanyua sahani kwa mikono miwili. Akauona utepe wake: umelegea, unang'aa, na kile kiungo kimekuwa kigumu kama kovu. Kigurudumu cha mota kilikuwa kimegandwa na uchafu mweusi wa mpira. Akakisugua kwa pamba na spiriti mpaka shaba ikaonekana. Akauvika mkanda mpya. Akairudisha sahani, akaizungusha kwanza kwa kidole. Haikulia. Akaweka santuri.

Kwaya ya zamani ikaanza kuimba, na Fridolini akatabasamu, maana mlio umekwisha. Alikuwa anakunja pamba yake wimbo ulipofika pale pa kunyamaza. Sauti moja ikabaki. Ikalishika neno refu, ikalinyoosha, haikuinama. Ilikwenda moja kwa moja mpaka wenzake wakaingia chini yake na kuibeba, na hakuna kilichogongana.

Fridolini akasimama. Akainua sindano, akairudisha nyuma. Sauti ikapita tena pale pale, imenyooka. Akairudisha tena. Ndipo siku ile ikamrudia yote: chumba cha mjini kilichotandikwa magunia ukutani, jasho la watu, Skolastika akiwa na mtoto mgongoni aliyelala muda wote, na mkono wake yeye Fridolini ukiwa juu hewani, ukingoja kile alichokisikia kifike mwisho wake. Alikuwa amekisikia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na sababu ndogo kuliko yake ya kudanganyika.

Otilia alikuwa amesimama dirishani, nguo zimemjaa mikononi.

"Baba," akasema, "ndivyo alivyokuwa anaimba."

Fridolini alizidi kuitazama santuri.

"Baba."

"Nimesikia."

"Basi niende nikamwite. Nikikimbia nitamkuta kabla kwaya haijafika."

Fridolini alitazama ule utepe wa mpira wa baiskeli, uliokuwa juu ya meza karibu na spiriti. Aliwaza juu ya kwaya iliyokwisha kujifunza. Aliwaza juu ya maneno aliyoyasema mlangoni mwa kanisa, na watu waliokuwa wamesimama pale. Aliwaza juu ya baba askofu. Akamwaza na binti yake, aliyeshonewa gauni jipya. Hayo yote aliyawaza, na juu ya hayo yote aliwaza kwamba hakuna aliyejua isipokuwa mtoto wake, na mtoto wake hajawahi kumpinga.

"Wimbo umeshafundishwa," akasema. "Tukiubomoa leo, Jumapili hatutakuwa na wimbo. Sherehe ikipita nitamwendea mwenyewe, nizungumze naye taratibu."

"Na hawa wanaokuja jioni, watasikiliza nini?"

Fridolini akageukia kabati. Alizima mashine. Aliondoa santuri, akainyanyua sahani, akavua mkanda mpya, akautia mfukoni mwa shati. Kisha akauchukua ule utepe wa zamani, akauvika mahali pake. Aliifanya kazi ile vizuri, kwa uangalifu, kama alivyofanya kazi zake zote, na alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya amani ya kwaya. Otilia aliona kila kitu. Aliweka nguo kitini akazikunja moja moja mpaka watu walipobisha hodi.

Kwaya ilijaa sebuleni. Jua lilikuwa bado juu ya milima na chumba kilikuwa na joto. Wote walikuwa na furaha ya watu wanaongoja jambo kubwa. Wengine walikuwa wamevaa sare tayari ili waone zinavyowakaa. Fridolini akasimama mbele, akainua mkono. Wakaanza, wakaimba vizuri. Wakafika pale pa kunyamaza. Otilia akalishika neno refu.

Akalinyoosha.

Sauti zikagongana kama siku ile. Mkono wa Fridolini ukashuka. Watu wakageuka kumtazama binti wa mwalimu, na kijana mmoja wa sauti ya nne, Severini, akasema kwa mzaha, "Na huyu naye ameambukizwa ya Mama Skolastika!" Wakacheka. Fridolini akajaribu kucheka pamoja nao.

"Otilia, umesahau. Tuanze upya."

Wakaanza upya, na alipofika pale akalinyoosha tena. Sasa watu hawakucheka. Kresensia akapiga ulimi kwa hasira, akasema kesho kutwa ni sherehe, huu si wakati wa michezo. Otilia alikuwa anatokwa jasho. Alimtazama baba yake usoni, na baba yake akamwomba kwa macho. Wote wawili walijua wanachosemezana, na watu wote wale waliokuwa kati yao hawakujua.

"Labda asikilize santuri," Severini akasema. "Mwalimu, mwekee asikilize."

"Ndiyo, awekewe," wakasema wengine.

Fridolini akaenda kwenye kabati, maana hakuwa na namna ya kukataa. Akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha mashine. Mkono wa Otilia ukafika kwanza, ukatua juu ya kifuniko. Binti yule hakuwahi kumpandishia baba yake sauti, na hata wakati huo hakuipandisha. Ilibidi walio nyuma wanyamaze ili wamsikie.

"Ifungue mpaka chini, Baba. Uwaonyeshe ulichokirudisha."

Fridolini angeweza kusema mtoto anaumwa. Angeweza kuwaambia waende nyumbani, na wangekwenda, kwa maana walimheshimu. Alisimama pale muda mrefu, mkono wake karibu na mkono wa mwanawe, hata mtu mmoja akakohoa, hata kuku wakasikika nje wakiingia bandani. Kisha Otilia akaondoa mkono wake kwenye kifuniko. Hakumlazimisha. Alimwachia.

Fridolini akakifungua. Akainyanyua sahani, akaiweka mezani. Akauvua ule utepe, akaushika hewani ili wote wauone, na kiungo chake kinene kikining'inia. Akasema ni mpira wa baiskeli, aliukata mwenyewe. Akatoa mkanda mpya mfukoni. Ulimponyoka, ukaanguka, Severini akauokota na kumpa. Akauvika. Akaweka santuri, na hakuwaambia wasikilize nini.

Walisikiliza mpaka mwisho. Ilipopita ile sauti iliyonyooka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kresensia alikaa chini sakafuni kwa sare yake mpya, akajifunika uso kwa kanga.

Asubuhi ya Jumamosi Fridolini alivuka mto peke yake. Alimkuta Skolastika uani anapepeta maharage. Mama akamkaribisha, akampa kigoda, akamuuliza habari za nyumbani, naye akajibu salama, na baada ya hapo akamweleza yote. Hakuacha kitu. Alimweleza habari ya mpira wa baiskeli, na ya mkanda mpya, na ya mkono wake uliorudisha wa zamani huku akijua. Akamwomba msamaha. Akamwomba aje kesho asimame mahali pake.

Skolastika aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akaweka ungo chini.

"Msamaha nimekupa, Mwalimu," akasema. "Lakini mahali pangu sipaoni tena."

Fridolini hakumwelewa. Mama akamwambia kwamba tangu siku ile ya mlangoni alikuwa akijifundisha. Akiosha vyombo, akiteka maji, akipalilia, alikuwa akiuimba ule wimbo chinichini, na akifika pale anajilazimisha kuinama. Alitaka siku moja arudi awaambie: sasa naweza, nipokeeni. Ilimchukua muda mrefu na machozi mengi, lakini aliweza. Na sasa kila akiimba, sauti inainama yenyewe.

"Ngoja usikie," akasema. Akasimama palepale kati ya maganda ya maharage, akaimba. Sauti ilikuwa bado nzuri. Ilifika kwenye neno refu, ikaenda kidogo, ikainama, ikateleza, ikanyanyuka, sawasawa kama ilivyokuwa ikitoka katika ile mashine. Alijaribu tena. Akajaribu mara nyingine, macho amefumba, mkono umeshika kifua. Kisha akaketi.

Fridolini alirudi kwake akilia njiani, na waliomkuta hawakumuuliza.

Jumapili watu walijaa mpaka nje. Kabla milango ya kanisa jipya haijafunguliwa, Fridolini alisimama mbele yao wote, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Skolastika aliimba sawa, na kwamba yeye alimfukuza kwa kosa lake mwenyewe, na kwamba alipolijua kosa lile alilificha. Watu walisikia. Skolastika alikuwepo, amesimama miongoni mwa wasikilizaji. Otilia alikwenda akamshika mkono, akamleta kwenye kwaya, naye akakubali kuja. Kresensia akamsogezea nafasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kwaya nzima ilikuwa imejifunza upya mahali pa kuingia, wakaimba vizuri, na baba askofu akawasifu.

Lakini walipofika pale pa kunyamaza, pale ambapo sauti moja hubaki, Otilia ndiye aliyelishika lile neno. Skolastika alifunga kinywa chake. Na mpaka leo, wimbo ule ukiimbwa, anaimba beti zote pamoja na wenzake kwa furaha, na akifika pale anafunga kinywa, akingoja wapite, kisha anaingia tena. Fridolini anasimama mbele yake akiongoza. Anaona.

Ndugu zangu, kudanganyika kwa masikio ni jambo la kila mtu, na Mungu anajua tumeumbwa kwa udongo. Mimi siwaulizi juu ya mpira wa baiskeli. Nawauliza juu ya alasiri ile ya Ijumaa: ukweli umekwisha kuusikia, aliyekuona ni mmoja tu naye hana nguvu juu yako, na mikanda yote miwili iko mbele yako mezani. Utavika upi?